Nusu Mzunguko wa Fenne

Uvumi wenyewe ulikuwa mfupi: baiskeli ya Fenne ina mota. Nani aliutoa kwanza, hakuna aliyejua, lakini siku moja tu ya shule ilitosha kuuzungusha kutoka uwanja wa michezo hadi duka la mikate, na kutoka duka la mikate hadi nyumba za kijiji kizima cha Meulbroek.

Fenne, msichana wa miaka kumi na miwili, aliusikia akiwa njiani kwenda shule. Alikuwa akiendesha baiskeli kando ya mfereji kama kila asubuhi, kofia ya sufu imemfunika masikio, mkate wenye jibini umo mkobani. Wavulana wawili wa darasa lake wakampita huku wakivuma kwa midomo.

"Vuuuum! Fenne, leo umetia petroli au umechaji?"

"Usimcheke bwana, usiku analala nayo imechomekwa ukutani!"

Fenne akacheka kidogo ili asionekane ameumia. Kicheko chenyewe hakikufika mbali. Siku ile, kila alipopita, kulikuwa na mtu anayevuma.

Uvumi ulikuwa na mahali ulipoanzia. Fenne alikuwa ndiyo kwanza ameingia klabu ya krosi, zile mbio za msimu wa baridi ambapo watu huendesha baiskeli kwenye matope na mchanga, na pasipoendeka mtu hujitwika baiskeli begani akapanda kwa miguu. Alikuwa mgeni wa kila kitu. Mazoezini, kila alipofika kwenye mbao za kuruka, zile zilizokingama njiani, alijikwaa, mpaka kocha Godelieve, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akamwambia, "Mwanangu, wewe unashuka baiskeli kama gunia linaloshushwa kwenye lori." Wenzake wakacheka, naye akacheka nao.

Sasa msichana huyo huyo, katika mbio zake za kwanza kabisa, alikuwa ameshika nafasi ya tatu. Alipandishwa jukwaani, akapewa shada la maua na kikapu cha peasi. Aliyekuwa wa nne ni Jorien, rafiki yake wa dawati moja, ambaye alianza krosi kabla hajang'oka meno ya utotoni. Watu wakajiuliza imekuwaje. Tena ile baiskeli kuukuu aliyorithi kwa binamu yake ilikuwa na kawaida ya kuvuma pale kwenye pedali. Wakaunganisha hili na lile, wakapata mota.

Fenne alijua vizuri kwamba mota haipo. Lakini alijua na jambo jingine, na hilo ndilo lililomfunga mdomo asiweze kuwajibu.

Katika krosi kuna kituo cha kubadilishia baiskeli. Ikiwa matope yamejaa mpaka magurudumu yanagoma, unaingia kituoni, unamwachia msaidizi wako ile chafu, unachukua safi, unaondoka. Siku ya mbio zile kituo kilikuwa katikati ya uwanja, na njia ya mbio ilipita pande zake zote mbili. Upande mmoja watu walikuwa wakienda msituni. Upande wa pili walikuwa wakirudi kutoka huko. Kila mwana krosi anajua kwamba upande ulioingilia ndio upande utakaotokea.

Msaidizi wa Fenne alikuwa mama yake, Hilde, aliyesimama hapo na ndoo na brashi, amevaa buti za mpira za kuazima. Naye ilikuwa mara yake ya kwanza. Alimshikia mwanawe baiskeli safi ikiwa imeelekea upande wa pili. Fenne, macho yamejaa matope, akairukia tu.

"Nenda mwanangu! Nenda!" mama akapiga kelele.

Akaenda. Alipofika kwenye uwanda mpana wa nyasi ndipo aliposhtuka. Mbele yake walikuwepo wasichana wawili tu, wale hodari wanaoshinda kila mara. Jorien, aliyekuwa amemtangulia kwa mbali, hakuonekana. Fenne akaelewa. Hakuwa amepita msituni, wala kwenye mchanga, wala kwenye ngazi za udongo. Nusu mzunguko mzima alikuwa ameuruka.

Akabana breki. Rudi, moyo ukamwambia, bado hujachelewa. Lakini palepale, karibu na kibanda cha chipsi, watu wakaanza kulitaja jina lake. "Fenne! Fenne! Kaza!" Hakuna aliyewahi kumshangilia maishani mwake. Vidole vikaachia breki vyenyewe.

Nitasema nikifika, akajiambia. Alipofika, mama alimkumbatia huku machozi yanamtoka, akaona atasema baadaye. Namba yake ya mgongoni ilikuwa imefunikwa na tope, na waamuzi hawakuona kitu. Kisha yakaja maua. Baada ya maua, neno halikutoka tena.

Mama Hilde aliusikia uvumi dukani, mbele ya wanawake wenzake. Alirudi nyumbani mkate hata hakuukumbuka.

"Ati mwanangu anatembelea mota! Mimi ndiye niliyeiosha ile baiskeli kwa mikono hii! Hao watu hawana haya?"

"Mama, achana nao. Wanatania tu."

"Utani gani wa kumwita mtoto wa mtu mwizi? Hapana. Jumatano nakwenda na wewe."

"Mama, tafadhali."

"Tafadhali nini? Mtu safi haogopi."

Fenne akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Jumatano mchana hakuna shule, na ndiyo siku ya mazoezi. Mama Hilde aliiburuta baiskeli mpaka katikati ya uwanja, watoto wote wakakusanyika.

"Kocha, fungua. Fungua kila kitu, kila mtu aone kwa macho yake."

Kocha Godelieve hakupenda, lakini alifungua. Akachomoa kiti, akatoa pedali, akaipindua baiskeli miguu juu. Likamwagika bakuli zima la maji ya tope, mchanga, na jani moja la mwaloni lililooza.

"Haya, mota yenu hiyo," akasema. "Mchanga ndio uliokuwa unalia. Aliyeanzisha maneno haya ni nani?"

Kisha Jorien akasogea mbele, masikio yamemwiva.

"Mimi, kocha. Mimi nilisema tu kwamba hakunipita. Angenipita ningemwona. Nilimwacha nyuma, halafu nikamkuta mbele. Nikadhani labda ina mota."

"Ukidhani jambo, unamwuliza mwenzako. Wewe umelitangaza. Jumapili hutakimbia. Utasimama kituoni, umshikie Fenne baiskeli."

Jorien akamtazama kocha. Mbio za Jumapili ndizo za kijiji chao wenyewe, za mara moja tu kwa mwaka, na babu yake alikuwa anakuja kutoka pwani kumtazama. Machozi yakamjaa. Hata hivyo akajikaza, akanyoosha mkono.

"Nisamehe, Fenne."

Watu wote wakamtazama Fenne kwa huruma. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, kifua mbele. Hapo ndipo pa kusema. Fenne alifungua mdomo, na kilichotoka ni hiki:

"Haina neno."

Akaushika ule mkono. Ulikuwa baridi, nao wake ulikuwa unawaka moto. Alitamani ardhi ipasuke imfiche. Alikuwa amesamehe kosa ambalo lilikuwa lake mwenyewe.

Jioni mama alipika chakula anachokipenda Fenne, viazi vya kuponda na mboga ya liki pamoja na soseji, akawa anaimba jikoni. Fenne alizungusha uma kwenye sahani mpaka chakula kikapoa. Shuleni watu walikuwa wameacha kuvuma. Sasa ni Jorien aliyetembea peke yake kwenye mapumziko, na Fenne alipomwona anakuja, aligeukia ukutani akajifanya anasoma tangazo.

Jumapili mvua ilinyesha tangu asubuhi. Uwanja ukawa uji. Fenne alikuwa wa mwisho au wa kabla ya mwisho, mahali pake halisi, na baiskeli ilipogoma akaingia kituoni. Jorien alikuwa pale, mikono imekuwa myekundu kwa baridi. Alikuwa ameishika ile baiskeli safi vizuri kabisa, imeelekea panapotakiwa, gia imeshawekwa ya kuanzia.

"Toka huku huku!" Jorien akamwelekeza kwa sauti. "Upande ulioingilia! Haraka, bado unaweza kumpata aliye mbele yako!"

Alisema kwa moyo mweupe, kama msaidizi anavyotakiwa kusema. Fenne akashika usukani, akaweka mguu mmoja kwenye pedali, na hakuondoka.

"Mbona umesimama?" mama akapiga kelele, brashi mkononi. "Nenda, watakupita mzunguko mzima!"

"Mama, wiki ile sikutoka kwa upande nilioingilia."

"Unasema nini?"

"Nilitokea ule upande wa pili. Sikupita msituni. Jorien amesema kweli, sikumpita. Sikumpita kabisa."

Mama akamtazama, akautazama ule upande wa pili, akautazama huu. Uso ukamshuka.

"Mimi ndiye niliyekupa baiskeli imegeuka," akasema polepole.

"Ndiyo, lakini wewe hukujua. Mimi nilijua, na breki ilikuwa mkononi."

Jorien alikuwa bado ameishika ile baiskeli. "Kwa hiyo uliniacha nikuombe msamaha mbele ya watu wote?"

"Ndiyo."

"Na ukasema haina neno?"

"Ndiyo."

"Basi shika baiskeli yako mwenyewe." Akaiachia, akaenda akasimama mbali, amewapa mgongo.

Fenne akaigeuza baiskeli. Aliikokota baiskeli kwenye tope, mbele ya watu waliokuwa wakimwuliza kama ameumia, mpaka kwenye meza ya waamuzi. Mama angeweza kubaki kituoni. Hakubaki. Alitembea kando yake, ndoo mkononi, kichwa chini, akipita katikati ya wanawake wale wale wa dukani.

Mwamuzi mkuu, mzee mwenye sharubu zilizolowa, alimtaka arudie, kwa sababu mvua ilikuwa inapiga turubai. Fenne akarudia, safari hii kwa sauti ya juu, na kila aliyekuwa karibu akasikia. Nafasi ya tatu ikafutwa, akapewa Jorien. Mwamuzi hakumgombeza. Alisema tu, "Ungeniambia siku ile, ningekuondoa kwenye mbio hizo na kukupa chai. Leo nakuondoa, na chai sina."

Mbio za kijiji zilikuwa zimeshakwisha. Babu yake Jorien alikuwa amekuja kutoka pwani, amemwona mjukuu wake anamshikia mwenzake baiskeli, amerudi. Hilo hakuna mwamuzi anayeweza kulifuta. Fenne aliliwaza usiku na mchana, nalo lilimuuma kuliko yote.

Jumatatu alisimama mbele ya darasa akasema tena. Alipomaliza, mmoja wa wale wavulana akauliza kwa masikitiko, "Kwa hiyo mota haipo kabisa kabisa?" Darasa likacheka. Jorien hakucheka. Lakini Fenne aliporudi kwenye dawati, Jorien alivuta mkoba wake uliokuwa umelalia nafasi ya pili, akauweka chini.

"Bado nimekasirika," akamwambia.

"Najua."

"Nitakasirika mpaka Krismasi."

"Sawa."

Mama Hilde naye alikwenda nyumbani kwa akina Jorien, akabisha hodi, akamwomba radhi mtoto yule mbele ya wazazi wake. Kisha akaenda dukani akasema hivyo hivyo, bila kutia chumvi wala kupunguza.

Jumatano, kocha Godelieve aliwakalisha watoto wote kwenye mbao za kuruka. Hakupiga kelele kama kawaida yake.

"Na mimi nimekosa," akasema. "Jorien aliniambia kwamba hakupitwa. Sikusikiliza maneno yake, nikachungulia ndani ya bomba la baiskeli. Jorien, kabla ya msimu kwisha tutakimbia hapa hapa, klabu yetu tu, na babu yako atakaribishwa. Siyo sawa na ile uliyoikosa, najua." Kisha akamgeukia Fenne. "Na wewe, mwanangu, sikiliza. Kukosea njia ni jambo la kila anayeanza. Mimi niliwahi kuingia zizini kwa mtu nikidhani ndiyo njia. Hakuna aliyekufa. Kosa lako halikuwa kituoni. Lilikuwa pale ulipoachia breki, na likakua kila siku uliyonyamaza, mpaka likamwangukia rafiki yako. Kosa likiwa dogo linabebeka begani kama baiskeli. Usilisubiri liwe zito. Haya, simameni, leo Fenne atajifunza kuruka mbao."

Akajaribu, akaanguka. Akajaribu tena.

Basi mtoto unayeanza krosi, au mchezo wowote ule, epuka haya:

Usitoke kituoni kwa upande ambao hukuingilia. Ukikosea, rudi palepale, hata kama watu wanakushangilia.

Usiseme "nitasema baadaye".

Usipokee zawadi ya njia ambayo hukuipita.

Usimtangaze mwenzako kwa jambo unalolidhani tu. Mwulize yeye kwanza.

Usimwache mtu akuombe msamaha wakati wewe ndiye unayepaswa kuuomba.

Na wewe mzazi, usiende kumpigania mwanao kabla hujamkalisha chini, ukamwuliza, naye akakujibu anakutazama usoni.