Taa Nyekundu ya Fundi Moubarak

Asubuhi ya mtaa wa Buyenzi huanza kwa nyundo. Mafundi hugonga mabati, injini hukohoa, na zamani sauti ya Moubarak ilizishinda zote.

"Taa nyekundu ikiwaka, gari haijakufa!" aliwaambia wateja wenye hofu. "Gari inakuita. Fungua boneti utazame!"

Siku hizi Moubarak alishinda barazani, kimya. Moyo wake ulikuwa dhaifu. Haukusukuma damu vizuri, maji yakajaa miguuni, viatu vikakataa kuingia. Hospitali walimpa vidonge vya moyo, akapata nafuu. Lakini sasa miguu ilikuwa imevimba tena, na pumzi ilikuwa fupi. Akarudi hospitali, wakampima damu.

Aliporudi nyumbani, alijilaza mkekani, akavuta kofia yake hadi kwenye nyusi, akamwita mke wake, Sijaona.

"Sijaona, damu yangu imesema."

"Imesema nini, Baba Hayat?"

"Dokta anasema ishara si nzuri. Watu wenye damu kama hii wako hatarini. Alisema na mengine, lakini mi sikuyasikia. Nilikuwa nimeshaanza kupiga shahada."

Sijaona alimletea vidonge vyake vya moyo kwenye kisahani. Moubarak akavisukuma pembeni.

"Apana. Mutu akishaitwa, anameza dawa ili aende wapi?"

Shakuru, fundi wa gereji ya jirani, alikuwa amekuja kumjulia hali. Kwa miaka mingi wawili hao waligombania wateja kama majogoo. Leo Shakuru alikuwa analia.

"Usilie, ndugu yangu," alisema Moubarak. "Jeki yangu kubwa nakuachia wewe."

Shakuru alilia zaidi. Kisha akafuta macho.

"Na kompresa je?"

"Shakuru!" Sijaona alifoka. "Mutu hajafa!"

"Niliuliza tu, Mama Hayat. Isije ikaota kutu."

Sijaona alitazama vile vidonge kwenye kisahani. Mume wake alikuwa anakufa kwa kuambiwa tu! Alijifunga kitenge vizuri, akavuka barabara, akarudi na Médiatrice, muuguzi wa wagonjwa wa moyo.

Médiatrice alisoma karatasi ya maabara. Hakucheka, wala hakulia.

"Baba Hayat, ndani ya damu kuna askari weupe wanaolinda mwili. Wengine ni wa haraka, wanakimbilia kila moto. Wengine ni watulivu, wanamkumbuka adui na kumpangia. Kwako wale wa haraka wamezidi, watulivu wamepungua. Na kipimo hiki kingine kinaonyesha kwamba ndani ya mwili kuna kitu kinawaka."

"Basi nimekwisha," alisema Moubarak, akafumba macho.

"Fumbua! Ni kweli, kwa mwenye moyo dhaifu, ishara hizi zinaonya. Wenye damu kama hii huzidiwa mara nyingi kuliko wengine. Ndiyo maana tunapima, tujue nani wa kumwangalia kwa karibu. Lakini damu haipangi siku ya mtu. Wewe mteja akija na taa nyekundu, unamwambia akachimbe kaburi la gari?"

Moubarak alifumbua jicho moja.

"Namwambia afungue boneti."

"Haya, tufungue boneti. Wakati mwingine moto huo unatoka kwenye moyo wenyewe. Wakati mwingine unatoka kwingine. Kuna mahali panakuuma?"

"Apana," alijibu Moubarak, haraka mno.

"Sawa. Kwanza umeze dawa yako. Mama Hayat, tuletee maji kidogo."

Sijaona alileta maji ya friji. Moubarak alitia vidonge mdomoni, akanywa funda moja. Mara akaruka juu kama springi ya gari iliyofyatuka, ameshika shavu.

"Yallah!" alipiga kelele Shakuru. "Maiti imefufuka!"

Kofia ilidondoka. Kutoka ndani yake, vidonge vingine vya rangi ya waridi vilibingirika hadi miguuni mwa muuguzi.

"Na hivi?" aliuliza Médiatrice.

Moubarak aliinamisha kichwa. "Vya jino. Nanunua kwa muuza duka."

"Tangu lini?" aliuliza Sijaona.

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Kumbe! Ndiyo maana ulikuwa unataka uji tu! Na mi nilifikiri hatimaye nimejua kuupika! Kwa nini hukusema?"

"Daktari wa meno ana koleo, Mama Hayat. Mi najua kazi ya koleo."

Médiatrice aliokota vidonge vyote.

"Sikiliza, Baba Hayat. Jino lenye usaha linaweza kuwaita askari wote wa mwili, na moyo dhaifu unachoka zaidi. Na hivi vidonge vya maumivu vinazuia maji mwilini. Dawa ya moyo inatoa maji, hii inayarudisha. Umekuwa ukifunga breki huku unakanyaga mafuta! Mwenye moyo dhaifu asimeze dawa yoyote kabla ya kuuliza."

Kesho yake walianza kwa daktari wa moyo, kisha wakaenda kwa daktari wa meno. Moubarak alimweleza ugonjwa wake wa moyo na dawa zake zote, hata zile za kwenye kofia. Shakuru alimshika mkono. Jino lilitoka salama. Aliyezimia ni Shakuru.

Baada ya wiki kadhaa walipima damu tena. Moto ulikuwa umepungua, na askari watulivu walikuwa wameongezeka. "Moyo bado ni dhaifu," alisema daktari. "Dawa ni kila siku, chumvi kidogo, na tutaendelea kukupima." Safari hii Moubarak alisikiliza mpaka neno la mwisho.

Asubuhi moja viatu vilikubali kuingia. Moubarak alitembea polepole hadi gereji ya jirani, akasimama mlangoni.

"Shakuru, jeki yangu."

"Jeki gani? Si uliniachia mwenyewe, mbele ya mke wako?"

"Aliyekuachia ni marehemu," alisema Moubarak. "Kamuulize yeye. Mi nina gari la kuinua."