Koki ya Baba

Duka la vifaa vya ujenzi lilifurika watu siku hiyo, kila mmoja akipaza sauti kumshinda mwenzake. Fundi bomba, ovaroli lake limejaa vumbi, alikuwa akisubiri viungio vyake pale binti mwenye gauni la njano alipompita na kuomba ile taa ndogo ya kukagulia noti bandia.

"Dada, hiyo biashara yako mbona inatia shaka?"

"Nakagua maji, kaka, si noti."

"Kumbe siku hizi kuna maji bandia?"

Binti alicheka mpaka akashika kaunta. Alikuwa mpimaji maji wa maabara. Fundi akatoka dukani na namba yake ya simu, viungio kavisahau.

Wiki tatu simu hazikupoa.

"Daktari wangu wa maji, umekula?"

"Bado, fundi wangu. Lini utaniletea maji ya kwenu nikuonyeshe maajabu?"

Akampelekea chupa ya maji ya jikoni kwa dada yake, mjamzito wa miezi mitano. Mabomba ya nyumba ile aliyafunga yeye mwenyewe. Koki ya jikoni ilikuwa ya zamani, ya marehemu baba yao, fundi aliyemfundisha kazi. Aliisugua mpaka ikang'aa, akampa dada zawadi ya harusi.

Mpimaji alidondosha matone mawili ya dawa, akaingiza chupa kwenye boksi jeusi lenye tundu, akawasha taa. Fundi akachungulia. Jamani! Maji yale yale aliyoyakinga kwa mkono wake, safi machoni, yalikuwa yanawaka kijani, chupa nzima, kama yamemeza nyota.

"Mungu wangu! Mpenzi, yanapendeza!"

Mpenzi akazima taa.

"Hayatakiwi kuwaka," alisema. "Kwenye madini yote, dawa hii inatafuta risasi tu. Ikiipata, inawaka. Ni sumu, hasa kwa mtoto aliye tumboni. Mwambie dada asiyanywe."

"Yaani mikono yangu imemnywesha dada yangu sumu?"

"Sijasema hivyo..."

"Umesema!" Akaondoka bila kuaga.

Kesho yake simu ililia mara saba. Ya nane akaipokea kwa hasira.

"Nichukie mimi," mpimaji alisema. "Dada umemwambia?"

"Nilikuwa... nitamwambia."

"Hujamwambia! Sikiliza. Nimepima maji ya mtaani kwao, hayawaki. Tatizo limo humo ndani, vyuma vya zamani huwa na risasi. Fundi ni wewe, litafute."

Aibu ikamshika. Tangu jana alijua ni nini, ila hata moyoni hakuthubutu kukitaja. Akaenda akamweleza dada kila kitu. Dada alilia, akasema asubuhi atakwenda kliniki. Fundi akashika spana, akaifungua koki ya baba, akafunga mpya mahali pake.

Alirudi maabara na chupa mpya na kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Wakachungulia pamoja, shavu kwa shavu.

"Sioni kitu," fundi alinong'ona.

"Tazama vizuri."

"Giza tupu."

"Ndilo hilo, mpenzi."

Akaendelea kulitazama giza lile, hataki kuondoa jicho. Hajapata kuona kitu kizuri namna ile. Machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

"Na hii?" Akafunua kitambaa. "Nimtupe mzee?"

"Mzee hatupwi. Asipitishe maji tu. Tutamtundika ukutani."

"Ukuta wa nani?"

Mpimaji akamfuta machozi kwa mkono wa koti lake jeupe.

"Wetu, fundi. Nijengee. Ila maji nitapima kwanza, ndipo nihamie."