Kanzu ya Mikono Mirefu

Jumamosi ile duka la vitambaa la Randburg lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Ilikuwa Juni, baridi ya Johannesburg inauma masikio, na watu walikuwa wameingia na makoti yao mazito, wakisukumana kati ya rafu. Shufaa alisimama mbele ya rafu ya mwisho, ametupia ushungi wa zambarau, shingo ameiinua, anatazama jora la pamba nyeupe lililowekwa juu kabisa karibu na dari. Muuzaji alikuwa amekwenda kutafuta ngazi, na dakika kumi zilikuwa zimepita.

"Hiyo ngazi ndiyo kwanza wanaichonga, au?" alinung'unika kwa Kiswahili, akijua hakuna wa kumwelewa.

Mkono ukapita juu ya kichwa chake. Ulinyooka, ukazidi kunyooka, ukalishika jora na kulishusha taratibu mpaka kifuani pake.

"Bado wanaichonga, dada," ikasema sauti ya kiume. "Chukua hili kwanza."

Shufaa akageuka. Alimkuta kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, macho yenye kucheka, shati la buluu lililopigwa pasi vizuri. Lakini Shufaa alikuwa fundi cherehani, na fundi hutazama nguo kabla ya uso. Mikono ya lile shati ilikuwa imekunjwa juu ya viwiko.

"Ahsante, kaka. Na hiyo mikono umekunja kwa joto au kwa aibu?"

"Aibu ya nini tena?"

"Nje maji yanakaribia kuganda, wewe umekunja shati. Mikono haikufiki, sema kweli."

Nyuma yake kijana mwingine, mrefu kuliko yeye, akaangua kicheko mpaka watu wakageuka. "Eh, Naseeb! Miaka mitatu niko na rafiki huyu, sikuona. Huyu mama ameona kwa dakika moja!"

"Tangu nina miaka kumi na tatu," Naseeb akakiri, akishusha mkono wa shati. Ukakomea katikati ya kigasha. "Sijawahi kuvaa nguo ikafika hapa." Akajigusa kifundo cha mkono.

"Mimi nitakushonea itakayofika," Shufaa akasema. Maneno yalimtoka kabla hajayapima.

Hivyo ndivyo walivyojuana. Naseeb alikuwa mtoto wa Temeke, Dar es Salaam, anasoma chuoni hapo Doornfontein, mitaa miwili tu kutoka duka la ushonaji ambalo Shufaa, mzaliwa wa Tanga, aliliendesha na shangazi yake, Bi Ummi. Yule rafiki, Ezéchiel, alitoka Lubumbashi na alisoma chuo cha Pretoria. Wote wawili walicheza mpira wa kikapu, na si kucheza kwa kujifurahisha. Mwezi wa nane ungekuwa na siku ya uteuzi, siku ambayo vilabu vya ligi ya kulipwa huketi mbele ya kamera na kuchagua wachezaji wa vyuo mmoja mmoja, kwa zamu. Zamu ya kwanza ilikuwa ya klabu ya Cape Town, ya pili ya klabu ya Midrand, jirani tu na Johannesburg. Kila aliyefuata mchezo huo alikuwa na swali moja: nani atatangulia, Naseeb au Ezéchiel?

Mitandaoni waliwekwa picha bega kwa bega kama majogoo wa mashindano. Ezéchiel ana nguvu chini ya kikapu. Naseeb ana akili ya mchezo. Ezéchiel hakosi mipira inayorudi. Naseeb hupora mipira ya watu. Wenyewe walisoma, wakacheka, wakaenda kula pamoja.

Naseeb akawa hapitwi na siku bila kupita dukani. Asubuhi akitoka mazoezini, begi begani, jasho halijakauka, utamsikia mlangoni: "Shikamoo, Shangazi. Fundi wangu kaamkaje?"

"Marahaba. Kaamka na kazi," Bi Ummi angejibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Wewe huna masomo?"

Na akifika chuoni tu, simu ya Shufaa ingelia.

"Umesahau nini tena, wewe?"

"Sauti yako. Nimeiacha hapo mezani, karibu na mkasi."

"Njoo uichukue basi, mimi naikunja kwenye vitambaa."

"Laazizi, usiikunje. Mimi nimechoka na vitu vya kukunja."

Shufaa angecheka peke yake mpaka pini zikamdondoka mdomoni.

Mwezi Julai wote wawili wakaja kupimwa nguo za siku ya uteuzi. Ezéchiel alitaka suti ya rangi ya papai. "Papai iliyoiva, Tantine," alimwambia Bi Ummi, akimwita shangazi kwa Kifaransa. "Hata nikichaguliwa wa mwisho, wanione wa kwanza."

Naseeb alitaka kanzu, na koti jeusi juu yake. "Siku naondoka Temeke, baba yangu alinivalisha kanzu. Nataka wanione nilikotoka."

Shufaa aliwavua viatu wote wawili, maana kanzu hupimwa mtu akiwa pekupeku, na akampima Ezéchiel vivyo hivyo, kwa haki. Bi Ummi aliketi pembeni kuhakikisha tepu inakwenda panapostahili. Vipimo vikaingia katika daftari lenye jalada gumu, ukurasa huu wa Ezéchiel, ukurasa unaoelekeana nao wa Naseeb. Alipofika kwenye mikono ya Naseeb alipima mara mbili, akapima ya tatu.

"Kuna tatizo, daktari?" Naseeb akauliza.

"Sijawahi kukata mkono mrefu hivi maishani."

"Ukiniteua mimi, yote ni yako."

"Naseeb," Bi Ummi akakohoa, "mimi nipo."

Jambo moja tu lilimsumbua Shufaa siku zile. "Cape Town ni mbali," alimwambia jioni moja wakivuka kwenye robot, zile taa za barabarani, mwanga wa jua umekaa juu ya maghorofa. "Wakikuchukua kule, nitabaki na tepu yangu."

"Nikienda, utakuja," akamjibu. Lakini hakumtazama.

Wiki iliyofuata akaingia dukani mwanamume mnene mwenye furaha, aitwaye Théodore, kupunguziwa suruali. Alikuwa mtangazaji wa michezo mwenye ukurasa wake mtandaoni, unaosomwa na Wakongo na Watanzania wote wa mji. Akaiona suti ya papai ikining'inia, ina kikaratasi cha jina, na pembeni jora jeupe lenye kikaratasi cha Naseeb.

"Hii ya Ezéchiel? Kwa hiyo wewe ndiye uliyewapima wote wawili! Niambie, dada, nani mrefu?"

"Ezéchiel. Naseeb anapungua kwake vidole viwili."

"Haiwezekani. Wote wameandikwa wana mita mbili."

Hapo ndipo Shufaa alipokosea, na ni kosa ambalo fundi tu angelifanya. Mtu alikuwa ameitilia shaka tepu yake. Akafungua daftari, akajumlisha kutoka kisigino hadi bega na kutoka bega hadi utosini, akampa jibu. "Naseeb mita moja na sentimita tisini na sita. Mita mbili labda akiwa na kofia. Lakini andika na mikono yake, maana mikono hiyo..."

Théodore alikuwa ameshaandika alichokitaka.

Kesho yake kabla ya adhuhuri makala ilikuwa imezagaa: "Fundi wao afichua: Naseeb si mita mbili." Chini yake, jedwali la kuwalinganisha wale wawili, na jina la Naseeb limeshuka. Simu ikalia. Shufaa aliipokea akitabasamu, hajui lolote.

"Umefanya nini, Shufaa?"

"Kwani vipi, mpenzi?"

"Kocha wangu ndiye aliyeandika mita mbili, nikiwa mwaka wa kwanza. Alisema bila mbili hakuna atakayenitazama. Miaka mitatu nimebeba uongo huo, naogopa kusimama ukutani. Wewe umeutoa kwa mtu aliyekuja na suruali!"

"Naseeb, sikujua kama ni siri. Aliniuliza kipimo..."

"Au ulijua? Ulisema Cape Town ni mbali. Sasa hawanichukui. Umefurahi?"

"Unanidhania hivyo mimi?"

"Futa vipimo vyangu katika daftari lako. Kanzu siitaki."

Simu ikakatika. Bi Ummi alisimamisha cherehani, akaja, akamshika mabega, akamwacha alie. Alipomaliza kulia alimwambia, "Umesema kweli, mwanangu, lakini kweli ya mtu haitolewi bila ruhusa yake. Ungemwuliza mwenyewe kwanza."

"Najua, Shangazi."

"Basi rekebisha kile kinachorekebishika."

Shufaa akanawa uso, akampigia Théodore.

"Kaka Théodore, umechukua nusu ya kipimo. Suruali yako ningeikata mguu mmoja nikakurudishia, ungekubali?"

"Dada, watu wanataka habari..."

"Habari hii hapa. Andika. Naseeb akinyoosha mikono yote miwili, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, ni mita mbili na sentimita kumi na nne. Ezéchiel, pamoja na urefu wake wote, ni mbili na nne. Nimepima mara tatu. Na andika kwamba fundi anaomba radhi kwa kutoa vipimo vya mteja bila idhini yake."

"Mbili na kumi na nne? Eish! Una hakika?"

"Njoo uitazame tepu."

Théodore aliandika, pamoja na ile radhi. Naseeb hakupiga simu. Hakupiga siku hiyo, wala wiki hiyo. Shufaa alimtumia ujumbe mmoja tu: "Nisamehe. Nilitetea tepu yangu nikakusahau wewe." Ulisomwa, haukujibiwa. Ukurasa katika daftari hakuufuta. Alikata ile pamba nyeupe kutoka Randburg, akashona kanzu kila alipopata nafasi, akaidarizi kola kwa uzi wa hariri wa rangi ya maziwa, akamalizia pindo za mikono kwa sindano ya mkononi, pole pole, kama mtu anayeomba dua.

Siku tatu kabla ya uteuzi Ezéchiel alikuja kuchukua suti yake. Alijitazama kwenye kioo, papai tupu kutoka shingoni hadi miguuni, akapiga mluzi. "Aksanti, dada. Nikishindwa kikapu, nitasimama dirishani mwako."

Shufaa alimkabidhi mfuko wa pili. "Mpe. Akikataa, kwako itakuwa fupi mikono... hapana, itakuwa ndefu mikono, fupi miguu. Basi asikatae."

Ezéchiel akaacha kucheka. "Hukusikia? Jumatatu walitupima huko Midrand, vilabu vyote vinatazama. Waliuliza kila mtu urefu wake kabla ya kipimo. Naseeb akasema mwenyewe: moja tisini na sita. Kulikuwa na wengine walidai mbili wakatoka moja na tisini na tatu, aibu tupu. Halafu wakampima mikono. Kocha wa Midrand, mama mmoja, akainuka kitini."

"Na yeye alisemaje?"

"Hakusema. Lakini mara ya kwanza nilimwona amesimama ukutani bila kujinyoosha shingo."

Siku ya uteuzi Shufaa na Bi Ummi walifunga duka mchana, wakaegemeza simu kwenye cherehani. Klabu ya Cape Town ikasoma jina la kwanza: Ezéchiel. Suti ya papai ikapanda jukwaani na ukumbi ukapiga mayowe. Shufaa alipiga makofi, lakini macho yake yalikuwa kwenye viti vya nyuma.

"Zamu ya pili, klabu ya Midrand. Naseeb..."

Akainuka. Alikuwa amevaa kanzu. Nyeupe, imetulia mabegani, koti jeusi juu yake, na alipomnyooshea kocha mkono, upindo haukurudi nyuma hata kidogo. Ulikaa pale pale kwenye kifundo.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Ummi. "Angalia mkono ule."

Shufaa akaisogeza simu karibu na macho.

Asubuhi ya pili yake, kabla hawajapanga vitambaa, sauti ikasikika mlangoni. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hongera." Bi Ummi akakumbuka ghafla kuwa amesahau vifungo nyuma, akaenda, akauacha mlango wazi.

Naseeb alisimama katikati ya duka na kanzu yake, hajui aiweke wapi ile mikono. "Nimelala nayo," akasema. "Mama aliniona kwenye simu kutoka Temeke. Hakuuliza klabu gani. Aliuliza: nani kamshonea mwanangu nguo ikamfika?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, mtu niliyemkosea." Akavuta pumzi. "Kocha wa Midrand ananiambia, kwa ile mita mbili walikuwa wananiweka chini ya kikapu nisukumwe na majitu. Kwa moja tisini na sita nitacheza pembeni, na mikono hii. Ndiyo nafasi yangu, Shufaa. Miaka mitatu nilikuwa nimesimama mahali pa mtu mwingine. Na nilipokuwa na hasira nikakutupia neno la Cape Town, wakati najua moyo wako. Nisamehe."

"Na mimi ulinisamehe?"

"Siku ile ulipoomba radhi mbele ya mji mzima. Nilichelewa kwa aibu tu. Ya kukunja."

Shufaa akacheka, machozi yakamtoka palepale. Naseeb akalitazama daftari mezani. "Ulifuta?"

Akamfungulia. Ukurasa ulikuwa pale, kila namba mahali pake, ila mstari wa urefu alikuwa ameuacha wazi. Naseeb akachukua kalamu, akaandika mwenyewe: 1.96. Kisha akamgeukia Bi Ummi, aliyekuwa amerudi bila kifungo hata kimoja.

"Shangazi, wazee wangu wa Johannesburg wakileta barua ya posa Jumapili, utaipokea?"

"Itategemea mwandiko," Bi Ummi akasema, lakini tayari alikuwa anajifuta macho kwa kipande cha pamba.

"Na wewe, fundi?"

Shufaa aliitoa tepu shingoni. "Vua viatu."

"Si vipimo unavyo?"

"Kanzu ya harusi hupimwa upya," akamwambia. "Nyoosha mikono."

Akainyoosha yote miwili, ikajaa duka zima.