Diwani Aliyebadili Kauli

Kila asubuhi, baada ya chai na mkate, Naila alimsubiri rafiki yake Acayo kwenye lango la kambi ya polisi ya mtaa wa Naguru. Acayo, binti wa Koplo Ogwang, kwa kawaida aliongea njia nzima mpaka shuleni. Siku hiyo alianza na swali.

"Umesikia redio?" aliuliza. "Mama yako amekubali uwanja wetu ukatwe, upitishwe mtaro."

Naila alisimama ghafla. Mama yake, Bi Zahara, alikuwa diwani wa mtaa. Wakati wa kampeni alisimama katikati ya uwanja huohuo wa mpira, akaahidi kwamba hautaguswa hata kidogo. Watoto walimshangilia mpaka sauti zikawakauka.

Darasani maneno yalikuwa yamekwisha kuenea. "Mama yako ni kinyonga!" alisema Olal, golikipa wa darasa la sita. "Jana hivi, leo vile!"

"Ile ya redioni si sauti yake," Naila alijibu kabla hajafikiri. "Kuna watu wameiiga kwa kompyuta."

"Mmesikia?" Acayo alidakia. "Mama yake amesingiziwa!" Alibishana na Olal kwa hasira hadi mwalimu akawatenganisha. Naila aliinamisha kichwa. Hakujua kama alilosema lilikuwa kweli.

Aliporudi nyumbani alimkuta mama akikatakata mboga za nakati.

"Mama, ile sauti ya redioni ni yako?"

"Ni yangu, mwanangu."

"Basi kesho kwenye mkutano wa wakazi, kanusha! Waambie umesingiziwa. Wote wanakutukana."

Bi Zahara aliweka kisu chini. "Wananitukana kwa jambo nililolisema kweli. Nikilikana, watakuwa na haki ya kunitukana zaidi."

Usiku Naila hakupata usingizi mzuri.

Kesho yake, Jumamosi, watu walijaa uwanjani. Fundi Masinde, seremala, hakungoja kukaribishwa. "Diwani, ulitudanganya ili tukupe kura!"

"Sikuwadanganya, ssebo, bwana wangu. Nilikosea," alijibu Bi Zahara. "Niliahidi kabla ya kuuliza maji ya mvua yanapita wapi. Tangu hapo mmeona wenyewe: yamejaa kwenye nyumba za bondeni, na watoto wameugua kipindupindu. Nimezunguka na mafundi wa mitaro, tukatafuta njia nyingine. Upande wa barabara kuna bomba kubwa la maji, mtaro hauwezi kupita. Hakuna pengine. Kosa langu la pili ni kwamba mmesikia redioni kabla ya kusikia kutoka kwangu. Kwa hilo naomba radhi."

Minong'ono ilizuka. Koplo Ogwang akainua mkono. "Nyabo, mama yetu, tutajuaje kwamba kesho hutageuka tena?"

"Msiniamini kwa maneno tu. Chagueni wenzenu wafuatane nami kwenye kila kikao. Nikibadili neno, walisikie siku hiyohiyo."

Mama mmoja wa bondeni, mtoto mgongoni, alisimama akasema amechoka kuchota matope chumbani. Wakabishana sana. Mwishowe walikubaliana mtaro ufunikwe kwa zege na magoli yasogezwe, ili watoto waendelee kucheza. Masinde alichaguliwa kuwa mmoja wa wafuatiliaji. "Bado nakutazama, Diwani," alisema, lakini safari hii alitabasamu.

Naila alimwendea Acayo. "Nilisema uongo jana. Sikujua chochote kuhusu kompyuta."

"Nimegombana na Olal kwa ajili yako!" Acayo alifoka, machozi yakimlengalenga.

"Najua. Nisamehe." Naila akamwita Olal, akamwambia vilevile mbele ya wenzake. Olal alikuna kichwa, akasema, "Sawa. Mimi nilitaka tu goli langu lisiondolewe." Acayo alicheka bila kupenda. Naila akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua ndoo ya maji kutoka kichwani.

Koplo Ogwang alikuwa karibu, amesikia yote.

"Naila," alisema kwa upole, "sijui kama nitampigia mama yako kura tena. Mtaro huu bado haunifurahishi. Lakini tangu leo nikimuuliza jambo, nitaliamini jibu lake. Mtu anaweza kubadili mawazo. Aseme waziwazi, na atoe sababu. Anayeficha ndiye anayepoteza watu. Uongo wako wa jana ungeweza kukupotezea Acayo, lakini leo umebaki naye kwa kusema kweli. Haya, nendeni mkacheze."