Aliyesaini Kumpokea

Gari lilikuwa tupu, na bado lilikuwa limelala upande wa kushoto. Fundi wa majokofu alilizunguka mara mbili, akayapiga matairi teke, akaona yote yamejaa upepo. Akailaumu barabara, kwa kuwa barabara haijibu.

Asubuhi alitengeneza majokofu ya watu. Alasiri alisambaza vifurushi kwa gari lake dogo la mizigo, kibarua cha kujiongezea kipato. Hakuwa na tamaa. Tangu mkewe afariki, binti yao wa miaka minane alilelewa na shangazi yake, na fundi alitaka kupanga nyumba yenye chumba cha mtoto ili amrudishe kwake. Hilo tu ndilo lililomtoa kitandani.

Jana yake alikuwa amefanya kosa la wasambazaji. Kifurushi kimoja alikipeleka mara tatu kwenye nyumba iliyozibwa madirisha kwa mbao, na hakuna aliyefungua. Utaratibu ulitaka akirudishe ghalani. Lakini ghalani kuna foleni na maswali, basi akakiacha mlangoni, na kwenye simu, pale penye "mpokeaji", akaandika jina lake mwenyewe na kusaini kwa kidole. Wavivu wengi wamefanya hivyo wakasalimika.

Yeye hakusalimika. Ilianza harufu ya nywele zilizoungua, mchana kweupe. Siku ya nne, gari likiwa limekwama kwenye msongamano, jua likiwaka, watu wakipita pande zote bila hata mmoja kumtazama, alisikia kiti cha abiria kikilia kama kimekaliwa na mtu mzito, mkanda ukajivuta taratibu ukajifunga wenyewe, na sauti ya kike, kavu, ikamuuliza sikioni kama amekula.

Jasho likamtoka. Lakini tuseme ukweli, miaka miwili hakuna aliyemuuliza swali hilo.

"Bado," akanong'ona.

Tangu hapo wakawa wanaongea, naye akaanza kupita njia ndefu makusudi.

Nyumba ilipopatikana, alikwenda kumchukua binti yake. Mtoto akaganda hatua tatu kutoka garini.

"Baba, pale mbele kuna mtu."

"Hakuna mtu, mama."

"Yupo. Ananitazama. Hana kope."

Shangazi akamvuta fundi pembeni. "Kaka, hivi unaongea na nani humo ndani? Watu wanakuona ukicheka peke yako. Mtoto hapandi humo mpaka nimwite mganga."

Mganga alikuwa mzee mfupi, koti limembana. Alinusa dirisha, akasoma maneno yake kwa sauti ya chini, na mlango wa kushoto ukatetemeka.

"Ulimpokea mwenyewe," akasema. "Siwezi kumfukuza mgeni wa mtu. Fungua mlango, umwambie kwa kinywa chako kwamba humtaki. Basi."

Fundi akafungua. Hakuona kitu ila mkanda uliofungwa juu ya hewa, umebana, ukipanda na kushuka kwa pumzi, na nyuma yake alimsikia binti yake akihema, begi mgongoni, na alijua kwamba neno moja tu lilimtenganisha na chumba kile alichokipaka rangi kwa mikono yake, na alilifikisha neno hilo hadi kwenye meno, pale sauti ilipomuuliza bila hasira hata kidogo: "Mtoto hulala saa mbili. Baada ya hapo utaongea na nani?"

"Sema, baba," binti akanong'ona.

Hakusema. Alisimama kinywa wazi mpaka mganga akaanza kukusanya vitu vyake bila kumtazama mtu. Mtoto alivua begi, akarudi ndani ya nyumba ya shangazi. Shangazi akafunga mlango, na komeo likasikika likiingia.

Fundi akakaa nyuma ya usukani na kulia kama mtoto mdogo, kwa kwikwi, kwa aibu, kwa kuwa alijua alichokichagua. Mkono wa baridi ukampangusa machozi taratibu. Naye, Mungu amsamehe, akauegemea.