Neno la Siri Lililokataliwa

Katika soko la katikati ya Likasi, watu wakisukumana mbele ya meza za samaki wakavu, mzingo wa waya uliobebwa begani na kijana mmoja mrefu ulinasa kikapu cha Aimée.

"Papa, waya yako inanikamata!"

"Samahani, mama. Inachagua muzuri."

"Inachagua? Basi ifungue na yenyewe!"

Aimée alicheka kabla hajataka kucheka. Kijana huyo, Firmin, mwenye shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, alikuwa akielekea kwenye ofisi ileile alikofanya kazi Aimée, ya kampuni ya magari ya mizigo yaendayo Kambove. Alikuwa ameajiriwa kuunganisha kompyuta za ofisi hiyo na seva, mashine kuu iliyohifadhi majalada ya wote. Mvua hazijakwisha, wakawa wanapigiana simu kila jioni.

Jumapili moja Firmin alivaa suti ya kijivu, akaenda peke yake kwa mzee Floribert, baba yake Aimée, kumposa binti. Mzee alimsikiliza, kisha akauliza kwa upole:

"Nani anakusemea?"

"Minye mwenyewe, papa."

"Kwetu mwanaume hajisemei. Rudi kwenu."

Firmin aliondoka bila kugusa maji aliyowekewa. Nyuma ya pazia, Aimée, katika kitenge kipya cha samawati, alianza kuisubiri simu yake. Haikulia.

Usiku ule umeme ulikatika, ukarejea alfajiri. Asubuhi Aimée alipofungua jalada la safari za magari, kompyuta ilimwuliza jina na neno la siri. Akaandika. Ikauliza tena. Akaandika polepole, herufi kwa herufi. Ikauliza tena, kana kwamba haijapata kumwona. Uani madereva walikuwa wakiulizia karatasi zao.

"Berthe, weye inakuingiza?"

"Inaniingiza," alijibu mwenzake wa meza ya pili. "Labda yule bwana ameondoa jina yako. Mwanaume akikatazwa kuoa bibi, mama, anafunga hata dirisha!"

Aimée alimpigia Firmin; hakupatikana. Ndipo akamwandikia: "Kama umemukasirikia papa, usinifungie kazi. Usirudi tena."

Ujumbe ulimkuta Firmin njiani akitoka kwao Mulungwishi, alipokwisha kuvuka milima ambako simu hukosa mtandao. Akaenda ofisini moja kwa moja, viatu vikiwa na vumbi jekundu.

"Bonjour, Aimée."

"Minye siko na neno na weye."

"Niko na neno na mashine. Nikae?"

Aimée akamsogezea nafasi kidogo kwenye benchi, si sana.

Firmin alifuta kwanza neno la siri la zamani lililohifadhiwa na kompyuta. Ikauliza tena. Akamwomba Aimée aandike jina lake kwenye kompyuta ya Berthe. Majalada yakafunguka mara moja.

"Unaona? Seva inakujua. Mashine yako ndiyo inapotea."

Akamwonyesha pembe ya kioo cha mashine hiyo: tarehe ilikuwa ya miaka mingi iliyopita. Betri ndogo inayotunza saa ya kompyuta ilikuwa imekufa, na umeme ulipokatika saa ilirudi nyuma. Seva humkataa yeyote ambaye saa yake haipatani na ya kwake, hata neno lake likiwa sahihi. Wala haitoi sababu, huuliza tu tena. Firmin aliirekebisha saa. Jalada likafunguka.

"Kesho nitaleta betri ingine."

Berthe alianza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Sasa weye, kwa nini ulinyamaza?" Aimée aliuliza.

"Niliona haya, cheri wangu. Nilitaka kwanza nipate mukubwa wa kunisemea, ndipo nikupigie."

"Na minye nibaki na mawazo?"

"Nimekosa."

"Minye pia. Niliandika usirudi."

"Pale sikusoma muzuri."

"Mubongo! Uongo mutupu!" alisema, akimpiga bega kwa upole.

"Mujomba iko inje, ndani ya motokari. Ukikataa, nitamurudisha Mulungwishi."

Aimée alichungulia dirishani. Mzee mmoja mwenye koti jeusi na kofia alikuwa ameketi wima, kama aliye kanisani. Akachukua simu.

"Papa? Firmin anakuja magaribi." Akavuta pumzi. "Hapana, papa, si peke yake. Anakuja na mujomba wake. Ndiye atamusemea."

Upande wa pili mzee Floribert akakohoa.

"Basi nitamwambia mama yako asonge bukari ya kutosha wageni."