Pumzi Tatu Juu ya Mnara

Dhoruba iliwakuta Mpimaji na fundi wake kinamasini kabla kazi ya asubuhi haijakwisha. Waya ulioshikilia mnara wa vipimo ulikatika na kumchana fundi paja. Maji yakapanda ghafla, yakaondoka na boti yao, simu na chakula vikiwamo. Mpimaji alimburuta hadi kwenye jukwaa la mbao, akakaza mtandio wake juu ya kidonda mpaka damu ikatulia.

Fundi, ambaye ni mume wa dada yake Mpimaji, aliuliza kama maji ya kunywa yapo. Mpimaji akamletea yaliyokingwa na kipimo cha mvua.

“Kunywa taratibu, shemeji. Ni milimita arobaini tu.”

“Dada yako nitamwambia umenipimia hata maji.”

Fundi alicheka, lakini midomo yake ilikuwa imepauka. Boti nyingine ingekuja baada ya siku nne, na mguu ule haungesubiri siku nne.

Mnara ule ulipima jinsi msitu wa kinamasi kile unavyopumua: hewa ya ukaa, mvuke na joto vilivyopanda na kushuka. Tarakimu zake zilifika ofisini kwa setilaiti kila nusu saa. Mpimaji alipiga moyo konde, akapanda vidato vyenye utelezi hadi kileleni, akakipulizia kihisio cha hewa ya ukaa pumzi tatu, ili tarakimu ziruke na mtu ofisini ashtuke. Akatulia kwa dakika moja, akapuliza tatu tena.

Ndipo alipokumbuka. Programu ya ofisini ilifuta kila tarakimu iliyovuka kiwango, na aliyeiandika ni yeye mwenyewe. Aliyebaki kusoma takwimu ghafi ni Mama Rula, karani mzee aliyezichapa kila asubuhi na kuzipitia kwa rula, mstari kwa mstari. Mbele ya watu wote, Mpimaji aliwahi kuiita kazi hiyo ya enzi za taipureta. Sasa uhai wa shemeji yake uliitegemea rula ile.

Akajikaza kisabuni. Alipanda kila nusu saa mpaka giza likaingia. Alfajiri akaanza upya, viganja vikiwa vimechubuka. Fundi alikuwa akitetemeka kwa homa.

Adhuhuri mngurumo wa injini ulisikika. Mama Rula alikuwa ameketi mbele ya boti pamoja na tabibu, jaketi la kujiokolea juu ya gauni lake la ofisini.

“Msitu haupumui tatu-tatu,” alisema. “Hauna adabu hiyo.”

Mguu wa fundi ulipona. Mpimaji aliporudi kazini, kabla hajawasha kompyuta, alikwenda mezani kwa yule mama, akasimama wima kama mwanafunzi, akaomba afundishwe kusoma kwa rula.